Desemba ya Minnesota: Mwongozo kwa Mtu Aliyezoea Krismasi ya Jua

Kila mwaka, ifikapo wiki ya mwisho ya Novemba, mimi hupokea maswali yanayofanana kutoka kwa watu waliofika Minneapolis au St. Paul, miji pacha ya jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani, miezi michache iliyopita. Mmoja huuliza anunue koti gani. Mwingine huuliza kama ni kawaida kutaka kulala saa kumi na mbili jioni. Wa tatu hana swali; husema tu kwamba taa za Krismasi za mitaani ni nzuri mno, na kwamba akizitazama hutaka kulia. Mwongozo huu nimewaandikia wote watatu, lakini hasa huyo wa mwisho, kwa sababu na mimi niliwahi kuwa yeye.

Kosa nililolifanya kwa miaka miwili ya mwanzo lilikuwa kuyafunga mambo yote katika furushi moja na kuliita "baridi". Nilisema baridi imenitoa hamu ya kula, baridi inanilaza mchana, baridi inanifanya nisipokee simu za nyumbani. Baadaye nilipolifungua furushi lile nilikuta vitu vitatu: baridi yenyewe, giza, na upweke wa sikukuu. Vinakuja pamoja, vinafanana kwa mbali, lakini dawa ya kimoja haikitibu kingine. Blanketi haliondoi giza, taa haiondoi upweke, na sherehe ya ukumbini yenye pilau na muziki wa nyumbani haimwokoi mtu anayerudi kwake usiku kwa viatu vya raba juu ya barafu. Kwa hiyo siku unapoamka ukiwa mzito na mwenye kinyongo na dunia, kabla hujafanya lolote, jiulize ni kipi kati ya hivyo vitatu kilichokushika. Mara nyingi utagundua kwamba ulikuwa unakaribia kununua koti la pili wakati unachokosa ni mtu wa kula naye.

Kwanza, baridi

Baridi naitanguliza kwa sababu ndiyo inayotisha kuliko vyote na ndiyo nyepesi kuliko vyote. Inataka fedha kidogo na utii mwingi. Kamusi zetu hutupa neno kipupwe, lakini kipupwe ni ule ubaridi wa Juni na Julai unaomfanya mtu atafute sweta, na sioni kama ni haki kukipa jina hilo kitu chenye uwezo wa kumtoa mtu kidole. Usiku wa Januari mjini Minneapolis hushuka kwa wastani hadi kama nyuzi 13 za Selsiasi chini ya sifuri, na hiyo ni Januari isiyo na habari. Tarehe 30 Januari 2019 hewa ilishuka hadi nyuzi 33 chini ya sifuri, upepo ukaifanya ngozi ihisi kama ni 48 chini ya sifuri, na hata posta ikasimamisha kusambaza barua.

Utabiri utaletewa kwa Farenhaiti. Usijichoshe kukokotoa kila asubuhi. Shika alama tatu tu. Kwenye 32 maji huganda. Kwenye sifuri ya Farenhaiti uko kama nyuzi 18 chini ya sifuri za Selsiasi. Na kwenye 40 chini ya sifuri vipimo vyote viwili hukutana, na siku hiyo hakuna haja ya hesabu. Zaidi ya hapo, soma upepo pamoja na joto. Hewa ikiwa kwenye sifuri ya Farenhaiti na upepo ukivuma kilomita 24 kwa saa, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 30, muda ambao si mrefu kwa mtu anayengoja basi lililochelewa. Sikio au kidole kikifa ganzi na ngozi yetu nyeusi ikaanza kuwa na rangi ya majivu, ingia ndani mara moja na uloweke sehemu hiyo katika maji ya uvuguvugu. Usitumie maji ya moto, usisugue, wala usikisogeze kidole kwenye jiko, kwa maana kidole kilichokufa ganzi hakitakuambia kwamba kinaungua. Kikibaki kigumu au kikitoa malengelenge, nenda hospitali.

Kuhusu mavazi, wageni huanza na koti, ilhali koti ni la mwisho. La kwanza ni nguo inayogusa mwili, nayo isiwe ya pamba. Fulana ya pamba tuliyoizoea hunyonya jasho unapokimbilia basi, kisha unaposimama kituoni jasho lile hupoa na kukulalia mgongoni kama kitambaa kibichi. Tafuta nguo ya ndani ya kubana, ya sufu au ya poliesta, juu yake sweta, na juu ya sweta ndipo koti la kuzuia upepo. Mikononi, zile glavu ambazo vidole vinne hukaa pamoja katika mfuko mmoja hupasha joto kuliko zinazotenganisha vidole. Buti liwe na nafasi ya kuchezesha vidole. Ukivaa soksi mbili ndani ya buti linalobana, damu haipiti vizuri na miguu hupoa zaidi kuliko ungevaa moja. Mitumba haikuachwa Afrika Mashariki. Koti langu la miaka saba nililipata katika duka la nguo zilizokwishavaliwa kwa dola 25, na mfukoni nilikuta pipi mbili. Kwenye barafu tembea kama bata, hatua fupi, unyayo bapa, mikono nje ya mifuko ili uweze kujishika. Usiiamini chumvi iliyomwagwa njiani siku ya baridi kali, kwani chini ya nyuzi 9 hivi za Selsiasi chini ya sifuri chumvi ya kawaida huwa haina nguvu tena ya kuyeyusha.

Lipo jambo moja ambalo sitalipita haraka. Sisi tuliokulia kwenye jiko la mkaa tunauamini mkaa, na hita ya nyumba inapoharibika usiku, wazo la kwanza ni kuwasha lile jiko dogo la kuchomea nyama na kuliingiza ndani, au kuacha oveni ya gesi wazi ikiwaka. Nyumbani kwetu jiko hilo lilikuwa chini ya paa lenye mianya, upepo ukiingia na kutoka. Nyumba za huku zimezibwa kila tundu ili joto lisitoke, na kwa hiyo hewa ya kaboni monoksaidi nayo haitoki. Haina harufu, haina rangi, na huua watu wakiwa usingizini. Hakikisha kila sehemu ya kulala ina king'ora cha kuigundua hewa hiyo, na ukijaribu kila mwezi. Vilevile, gari likiwa limefunikwa na theluji, fukua kwanza bomba la ekzosi ndipo uliwashe, hata kama watoto wameshaketi ndani na wanalia baridi.

Giza

Giza huja kimyakimya, nalo ndilo linalowaangusha wengi bila wao kulitaja. Saa ya Kiswahili imejengwa juu ya jua: tunaanza kuhesabu linapochomoza, na kwa kuwa tuko karibu na Ikweta, hesabu hiyo haitudanganyi mwaka mzima. Minneapolis iko kwenye nyuzi 45 hivi kaskazini. Tarehe 21 Desemba jua huchomoza huku yapata saa moja na dakika 48 asubuhi na kuzama yapata saa kumi na dakika 34, yaani urefu wa mchana mzima haufiki saa tisa. Anayeingia kazini saa moja asubuhi na kutoka saa kumi na moja huweza kumaliza wiki bila kuliona jua. Nakumbuka nilivyokuwa nikiitazama saa ya ukutani ikiniambia kwamba ni saa kumi na moja, wakati ambao kwetu watoto ndiyo kwanza wanagawana timu za mpira, na huku dirishani ni usiku mtupu. Mwili uliliamini dirisha.

Uchovu huo una jina katika vitabu vya udaktari, na historia yake inatuhusu. Mwaka 1984 Norman Rosenthal na wenzake katika Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani walichapisha maelezo ya ugonjwa wa huzuni unaofuata majira, ule unaoanza siku zinapofupika na kuondoka siku zinaporefuka, ukiambatana na usingizi mwingi, hamu ya vyakula vya wanga na vitamu, na kujitenga na watu. Rosenthal alizaliwa na kusomea Afrika Kusini, akahamia Marekani mwaka 1976, na aliyahisi mabadiliko hayo mwilini mwake mwenyewe alipokutana na majira ya baridi ya kaskazini. Kwa hiyo usimkubalie mtu, awe mwenzako wa chumba au mjomba kwenye simu, anayekuambia kwamba ni uvivu, ni kudekezwa na maisha ya Marekani, au ni upungufu wa imani.

Dawa ya kwanza ni ya bure. Toka nje kila siku kati ya saa tano na saa nane mchana, hata kwa dakika 20, hata kukiwa na mawingu, kwa sababu mwangaza wa nje wa siku ya mawingu bado unauzidi mbali ule wa taa za ofisini, na theluji iliyolala chini huurudisha tena usoni. Dawa ya pili ni taa maalumu ya tiba yenye mwangaza wa laksi 10,000, ambayo huwekwa mezani karibu na uso kwa nusu saa hivi asubuhi, wakati unakunywa chai. Usiikodolee macho, na usiitumie jioni, itakunyima usingizi. Mwenye ugonjwa wa macho, au ambaye hupata vipindi vya msisimko mkali wa akili, amwone daktari kabla ya kuinunua. Kuhusu vitamini D, jua la huku kuanzia Novemba hadi Februari hukaa chini mno angani kiasi kwamba ngozi haiwezi kutengeneza kiasi cha maana, na ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi hata wakati wa kiangazi. Omba upimwe damu, kisha umeze vidonge kwa kipimo ulichoambiwa, si kwa kukisia. Na iwapo huzuni imefika mahali ambapo unafikiria kufa, usingoje miadi ya daktari. Piga 988, namba inayopokelewa mchana na usiku Marekani nzima.

Kuna habari njema ndogo ambayo wageni hawaambiwi. Jua huzama mapema kuliko siku zote si tarehe 21 Desemba, bali karibu na tarehe 9 au 10, kwenye saa kumi na dakika 31 hivi. Baada ya hapo jioni huanza kurefuka kwa dakika mojamoja, ingawa asubuhi huendelea kuchelewa hadi mwanzoni mwa Januari. Mtanzania hana kisingizio cha kuisahau tarehe hiyo. Mimi Sikukuu ya Uhuru huisherehekea mara mbili.

Msomaji Mwislamu ana hesabu yake katika mambo haya. Kati ya adhuhuri na magharibi kunabaki saa nne na ushei tu, na alasiri humkuta mtu katikati ya zamu, kwa hiyo ni vema kuzungumza na msimamizi wa kazi mwezi Novemba, kabla mambo hayajabana. Kwa upande mwingine, anayedaiwa siku za Ramadhani hatapata mwezi mwepesi wa kuzilipa kuliko huu, kwani magharibi humfikia kabla hajaikumbuka njaa.

Simu za Desemba

Upweke wa sikukuu huanzia kwenye simu kabla haujafika mezani. Nyumbani Desemba ni mwezi wa kurudi, na sisi wa Kilimanjaro ndio tunaotaniwa zaidi kwa hilo: kuanzia katikati ya mwezi mabasi ya Moshi hujaa, barabara ya Marangu hujaa magari yaliyotoka Dar es Salaam na vumbi lake, mbuzi huchinjwa, mbege huiva, na ambaye hakuja huulizwa jina lake mbele ya watu. Aliyeko ng'ambo hawezi kuja, kwa hiyo fedha yake huja badala yake, na ndiyo maana simu za Desemba zina uzito ambao za Mei hazina. Ukielewa kwamba mtu anayekuomba fedha ya mbuzi anakuuliza pia kama bado umo katika hesabu ya waliorudi, utamjibu kwa upole zaidi, hata unapomjibu kwamba huna.

Mimi sikulielewa hilo. Desemba yangu ya pili nilituma karibu mshahara wote, na Januari nikapokea barua ya kampuni ya gesi ya kupasha nyumba joto ikinitishia kunikatia. Niliificha barua ile kwa wiki mbili chini ya mfuko wa mchele, kwa aibu, nikilala na koti. Baadaye jirani akanieleza kile ambacho kila mgeni angepaswa kukijua tangu siku ya kwanza: sheria ya Minnesota inamlinda mteja asikatiwe huduma ya kupasha nyumba joto kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi tarehe 30 Aprili, kwa sharti kwamba awasiliane na kampuni, wakubaliane mpango wa malipo, naye aufuate. Anayenyamaza halindwi. Upo pia mpango wa serikali wa kusaidia kaya zenye kipato kidogo kulipia nishati, na maombi yake ni bora yatumwe mapema.

Tangu mwaka ule nina utaratibu ambao naupendekeza. Mwanzoni mwa Novemba, kabla mtu yeyote hajaomba, nawaambia nyumbani kiasi nilicho nacho kwa ajili ya sikukuu, tena nakitaja kwa shilingi ili pasiwe na tafsiri. Kisha nagawa: ya sikukuu inatumwa kabla ya tarehe 15 Desemba, na ya ada za shule inatumwa tarehe 2 Januari, ikiwa imeandikwa jina la mtoto. Fedha ya ada ikisafiri pamoja na fedha ya mbuzi, mbuzi hushinda daima, na Januari ile ndefu tunayoitania kwamba ina siku tisini inakuwa ndefu kwenu wote wawili.

Siku yenyewe

Amua mwanzoni mwa Desemba, si usiku wa tarehe 24, kama utafanya kazi siku ya Krismasi au hutafanya. Wengi wetu tuko katika nyumba za kutunzia wazee na hospitali, mahali ambapo zamu za sikukuu hulipwa zaidi na hutafutiwa watu. Nimesikia watu wakizungumzia kukubali zamu hiyo kama vile ni kushindwa maisha. Sikubaliani nao. Kwa mtu anayeishi peke yake, zamu ya Krismasi inaweza kuwa mahali penye joto, chakula na watu, na kukaa chumbani ukiangalia picha za Marangu kwenye simu kunaweza kukuumiza zaidi. Sharti moja tu: ukiamua kufanya kazi tarehe 25, chagua tarehe nyingine iwe Krismasi yako, iandike kwenye kalenda na uwaalike watu. Isiwe tarehe 26, maana huku si sikukuu, na utakayemwalika atakuwa kazini.

Katika zamu moja kama hiyo, bibi mmoja mwenye asili ya Norway, ambaye wazazi wake walikuwa wakulima kaskazini mwa jimbo, aliletewa na wajukuu wake mkate mwembamba wa viazi uitwao lefse. Huchanganywa viazi vilivyopondwa, unga, siagi na krimu, husukumwa mpaka uwe mwembamba kama kitambaa, kisha hubandikwa kwenye chuma cha moto na kugeuzwa kwa fimbo ndefu bapa. Bibi alinikata kipande, akapaka siagi, akanyunyiza sukari na kukikunja. Nilipokishika nilihisi uzito na ulaini wa chapati, nikamwambia. Akaniuliza chapati husukumwa na nini. Tulikaa kama nusu saa tukizungumzia vibao na michi ya kusukumia, nje theluji ikianguka, na nilikuwa na furaha na majonzi kwa kiasi ambacho sikuweza kukitenganisha. Sasa sijaribu tena kukitenganisha.

Kuhusu kupiga simu nyumbani, tumia tofauti ya saa badala ya kupigana nayo. Wakati wa baridi Minnesota iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa tisa. Ukipiga saa sita yao ya mchana, kwako ni saa tisa usiku, na huko ni kelele za masufuria. Utaoneshwa dari, kisha kichwa cha mtoto usiyemjua, kisha dari tena. Subiri saa moja asubuhi yako, ambayo kwao ni saa kumi jioni. Watu wameshakula, wageni wa mbali wamesinzia, na mzee amekaa chini ya mgomba peke yake. Zungumza na mmoja au wawili kwa utulivu, kisha kata. Kukaa kwenye simu kwa muda wa saa tatu huku simu imeegemezwa kwenye chupa ya soda kunakufanya usiwe kule wala huku.

Chakula usikiruke kwa hoja kwamba hakuna mtu wa kumpikia. Ndizi mshare za mtori hutazipata, lakini ndizi mbichi za kawaida, zikimenywa zikiwa bado ngumu na kupikwa na mifupa ya ng'ombe mpaka zipondeke, hutoa mtori ambao mama yangu angeulaumu kidogo tu. Nyama ya mbuzi utaipata katika maduka ya Wasomali, ambao ni wengi sana mjini hapa, na usishangae muuzaji aliyekulia Eastleigh, Nairobi, au kambi ya wakimbizi ya Dadaab, Kenya, akikujibu kwa Kiswahili kizuri kuliko cha mpwa wako. Mualike na mtu asiyekuwa na pa kwenda. Wanafunzi wa chuo ambao mabweni yao yamebaki matupu hawahitaji kubembelezwa mara mbili.

Na jiandae kwa swali la Kwanzaa. Kuanzia tarehe 26 Desemba hadi tarehe 1 Januari, baadhi ya Wamarekani Weusi huadhimisha sikukuu iliyoanzishwa California mwaka 1966 na Maulana Karenga, ambayo jina lake limetoka katika "matunda ya kwanza" na misingi yake saba ina majina ya Kiswahili: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba na imani. Mfanyakazi mwenzako atakuuliza kwenu huadhimishwa vipi, na ukimjibu kwa kicheko kwamba hujawahi kuisikia, utamvunja moyo bure. Mara ya kwanza mimi nilicheka. Mara ya pili nilialikwa, mzee mmoja akanisalimu "Habari gani?", nikamjibu "Nzuri, shikamoo", chumba kizima kikanitazama, maana jibu lilitakiwa kuwa ni msingi wa siku hiyo. Jibu kwa unyoofu kwamba kwenu haipo, kisha mweleze neno ujima hutumikaje mtaani kwenu. Hakuna mgeni mwingine mjini atakayemweleza hivyo.

Theluji uipende bila kuomba radhi

Jambo gumu kuliko yote kumweleza mtu wa nyumbani ni kwamba ukikaa huku miaka kadhaa, utaanza kuipenda. Theluji ya kwanza ya usiku hunyamazisha mji. Magari hupita bila sauti, na mwanga wa taa za barabarani hurudi juu mpaka chumba kinang'aa bila taa. Ukijikuta umesimama dirishani ukifurahi, usijishtaki kwamba umesahau kwenu. Miaka mitano baada ya kufika nilipata likizo nikaenda Marangu kwa ajili ya Krismasi, na jioni ya tarehe 24, katikati ya joto, vumbi na kelele zile zile nilizozililia, nilijikuta nawaza kama theluji imeanguka kwenye ngazi zangu na nani atazifukua. Nilimwambia mama. Akainua kidevu kuelekea Kibo, ambako wingu lilikuwa limefunguka kidogo, akasema, "Hata huku ipo. Ya kwetu inajua mahali pa kukaa."

Weka basi katika mpango wako mambo mawili au matatu ya baridi ambayo si ya kuivumilia tu: kuteleza na watoto kilimani kwenye ubao wa plastiki, kutembea juu ya ziwa lililoganda baada ya wenyeji kulipima unene, kunywa chai ya tangawizi ukiwa umetoka kufukua njia. Fukua theluji ikiwa bado laini, kabla haijakanyagwa ikawa barafu, na uinue kidogokidogo kwa magoti, si kwa mgongo.

Tarehe 31 Desemba, weka kengele ya simu iite saa nane na dakika 50 mchana. Saa tisa kamili ya Minneapolis ni saa sita ya usiku Moshi, na mwaka wao mpya huingia wakati wewe bado uko katika ule wa zamani, huku mbwa wakibweka nyuma ya sauti ya mama na mtu akigonga sufuria. Watakie heri, waache walale. Jua lako bado lina kama saa moja na dakika 40. Vaa buti utoke.